Likizo ya Miaka Kumi na Mitano

Idris Probert aliishi Hispania miaka kumi na mitano, na Kihispania chote alichojifunza kingeenea kwenye kikombe cha kahawa. Alijua kuomba bia. Alijua kushukuru. Na alijua sentensi moja nzima, aliyoitamka bila kukwama, kwa lafudhi ambayo hata wenyeji waliisifu: "Tuko likizo." Mkewe, Glenys, ndiye aliyemfundisha, jikoni, mwaka wao wa kwanza, akimrudisha mwanzo kila alipoteleza, na akipatia anamwambia "Vizuri sana, mzee wangu, umepatia," naye anatabasamu kama mtoto aliyepewa peremende.

Walikuwa na sababu zao. Polisi wa barabarani akiwasimamisha kuuliza gari la namba za kigeni linatafuta nini huku mwaka wa nne sasa: tuko likizo. Karani wa manispaa akibisha hodi na orodha yake ya wakazi: tuko likizo. Nyuma ya karani unauona mlimao walioupanda wenyewe ukiwa umelipita paa, na chini ya mlimao amezikwa mbwa wao wa kwanza. Likizo gani ya kuzikia mbwa, karani hakuuliza, akaenda zake.

Hawakuwa watu waongo. Glenys alikuwa msimamizi wa jiko la shule kule Llanelli, Wales, mwanamke wa kanisani, na Idris alitumikia kiwanda cha mabati tangu ujana mpaka wakampa saa ya ukutani na kumwambia kwaheri. Waliuza nyumba, wakahamia Benimossa, kwenye vilima vilivyo juu ya pwani, kwa ajili ya kifua cha Idris kisichopatana na mvua za kwao. Na huko Benimossa, wazee wenzao kutoka Wales na Uingereza walikuwa na klabu ya kuviringisha mipira kwenye nyasi, na klabuni kulikuwa na Trevor.

Kila klabu ina Trevor wake. Huyu aliuza mazulia maisha yake yote, na alipostaafu akawa wakili, daktari na waziri wa fedha kwa mpigo.

"Nisikilizeni nyie wageni," aliwaambia wiki yao ya kwanza. "Msijiandikishe popote. Ukijiandikisha huku, kule wanakufuta. Ukishafutwa kule, daktari wako ndo basi tena. Utakwenda kwa hawa, umweleze kwa mikono kwamba unaharisha!"

"Na tukiugua?" Glenys aliuliza.

"Mnapanda ndege, mnakwenda nyumbani. Si hapo tu? Mimi hata jino nilikwenda kung'olea kwetu."

Meza nzima ikacheka, na aliyecheka zaidi ni Idris, maana maneno yale yalimwingia penyewe. Alikatwa mshahara kila wiki ya maisha yake ili daktari awe wake. Daktari Pritchard alikijua kifua chake kama fundi anavyoijua injini aliyoifunga mwenyewe. Amwache, aende kwa nani?

Basi ikawa desturi. Kila Julai walikwenda kwa binti yao Rhian, ambaye anwani ya nyumba yake ndiyo waliyoitumia kwa kila kitu, wakakaa kwenye benchi la Daktari Pritchard kana kwamba wametokea mtaa wa pili, na wakarudi Hispania na begi la vidonge vya kutosha mwaka mzima. Kila mwaka walikata bima ya safari, ile ya watalii, rahisi. Ile bima nyingine, ya watu waliohamia kabisa, waliiulizia mara moja tu. Wakala alipofika kwenye umri wa Idris, akaandika; alipofika kwenye moyo uliokwisha kuwekewa mrija, akaifunika kalamu yake kifuniko na kuwasifu kwa chai nzuri. Njia mbili zilimshinda fisi, wahenga walisema, na fisi mwenyewe hakuwa na Trevor wa kumshauri.

Kiharusi kilimkuta Idris asubuhi moja ya Oktoba akipogoa mlimao. Glenys alisikia ngazi ikianguka. Alipotoka alimkuta ameketi chini, upande mmoja wa uso umelegea, mkono wa kulia umeshika mkasi bila kujua kwamba umeushika. Alijaribu kumwita mkewe, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake.

Kwenye chumba cha dharura cha hospitali kubwa ya pwani hakuna aliyewadai chochote kwanza. Walimchukua wakakimbia naye, na jambo hilo Glenys hakulisahau. Baadaye sana kijana wa mapokezi alimjia taratibu, akamuuliza majina, akamuuliza umri, kisha akamuuliza, "Mnaishi hapa?" Glenys alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na kandambili za mumewe mkononi. Hakufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa Kihispania safi kabisa.

"Tuko likizo."

Kijana akaandika.

Idris hakufa. Siku za kwanza zilipopita, wakamhamishia wodini: upande wa kulia haumtii, maneno hayapo, lakini macho yanaelewa kila kitu. Kitanda cha pili alilala mzee wa Kihispania aliyevunjika nyonga, na kwenye kiti kando yake alikuwa amehamia mkewe, Encarna, na blanketi, chupa ya chai na kisu cha kumenyea machungwa. Encarna alitandika vitanda kwenye mahoteli ya watalii maisha yake yote ya kazi, na Kiingereza alikiokota humo humo vyumbani.

Jioni ya kwanza, ilipofika saa mbili, Glenys alimbusu mumewe akachukua mkoba.

"We mama, unakwenda wapi?" Encarna alimuuliza.

"Nyumbani. Muda wa kutazama wagonjwa si umekwisha?"

"Muda gani? Na huyu atalishwa na nani? Atageuzwa na nani?"

"Manesi."

Encarna alimtazama kana kwamba amesikia mtoto mchanga ataachiwa tarishi. "Manesi wanatoa dawa, dada yangu. Mgonjwa ni wa wenyewe."

Kwao Glenys, saa mbili kengele inalia na unatolewa kama kuku jikoni, na ukichelewa unaambiwa unawasumbua wauguzi. Aliona aibu iliyochanganyika na hofu. Akaweka mkoba chini, akavuta kiti. Tangu hapo Encarna akamfundisha kumgeuza mtu mzito kwa shuka, kumlisha uji bila kumpalia, na kumgombeza daktari.

"Watoto mnao?" Encarna alimuuliza siku moja wakimenya machungwa.

"Binti mmoja. Yuko Wales."

"Na nyie mko wapi?"

Glenys aliinama. "Tuko likizo."

Encarna akamtazama miguuni, kwenye viatu vya gulio la Ijumaa vilivyoisha kisigino, akamtazama mikono iliyobabuka kwa jua la miaka.

"Likizo," alisema. "Nimewatandikia watu wa likizo miaka thelathini. Jana umelalamika vitunguu vimepanda bei. Mtu wa likizo anaijulia wapi bei ya vitunguu?"

Glenys alikata chungwa vipande vidogo akampa Idris.

Wiki zikaenda. Daktari Soler, kijana mpole asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, alieleza kupitia kwa Encarna kwamba maneno ya mgonjwa hayajafutika, yamefungiwa mahali. Aliyoyazoea mno ndiyo hutoka kwanza: sala, nyimbo, hesabu za kidole kimoja, viwili.

"Na matusi," Encarna aliongeza kwa hiari yake. "Mjomba wangu alianza na matusi. Mtukane kidogo, tuone."

Glenys alimwimbia tenzi za kanisani badala yake. Idris alifuata sauti bila maneno, na mara moja machozi yakamtoka kwa jicho la upande mzima.

Ndipo akaja Amparo. Amparo alikuwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ile, mwanamke wa makamo anayevaa miwani kichwani na kuitafuta mfukoni. Alimwita Glenys barazani, akaongea naye Kiingereza cha polepole.

"Mumeo yuko nje ya hatari, mama. Sasa anahitaji mazoezi. Kutembea, mkono, kusema. Iko hospitali ya mazoezi juu milimani, nzuri sana. Miezi ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ikipita, kilichobaki ndicho hicho hicho."

"Anaenda lini?"

Amparo alivua miwani. "Vile vitanda ni vya wakazi. Kwenye faili mmeandikwa wasafiri. Kadi yenu ya msafiri, ile ya serikali ya kwenu, inalipa dharura, na dharura imekwisha. Msafiri akipata nafuu anarudi kwao."

Glenys akaanza kupiga simu. Kampuni ya bima ya safari ilimpa binti mwenye sauti ya asali, aliyemwita "mama" kila baada ya maneno matatu.

"Safari ilianza lini, mama?"

Glenys alimtajia tarehe waliyoruka kutoka kwa Rhian, mwisho wa Julai.

"Ooh, pole mama. Bima yetu safari moja isizidi mwezi, mama. Na hapa naona kila mwaka mnakuja Wales wiki chache tu." Binti akashusha sauti, kwa huruma kabisa. "Kwa kweli, mama, nyie mnaishi Hispania."

Kumbe ilihitaji mtoto wa watu kwenye simu kuwaambia wanakoishi. Glenys alishukuru, maana alilelewa kushukuru, akakata.

Kwa Rhian hakukuwa na nafuu. Binti alikwenda kwenye zahanati ya Daktari Pritchard, akakuta mzee amestaafu tangu majira ya kuchipua na waliomrithi wamepitia majina yote, moja moja.

"Mama, wamewafuta," alisema, akilia. "Wanasema mtu anayeishi nje si wa kwao. Waje kwanza, wakae, ndo waanze upya. Na foleni ya mazoezi inafika majira ya joto. Nije nimchukue baba?"

"Utamchukuaje, mwanangu? Ndege haimpokei mtu asiyeweza kuketi. Na ile ndege ya wagonjwa, tukiuza nyumba hii ndo labda."

Mambo yakawa hivyo. Kwa watu wa bima walikuwa wenyeji wa Hispania, kwa Hispania walikuwa wageni kutoka Wales, na kwa Wales walikuwa watu waliojiondokea. Mahali pekee ambapo Idris alikuwa na uhakika napo ni kile kitanda, na hicho nacho alitakiwa akiachie.

Trevor alikuja kumwona na zabibu. Alisimama miguuni pa kitanda, asimtazame mgonjwa usoni.

"Mlitakiwa mjipange, Glenys. Umri huu unakaaje bila karatasi?"

"Si wewe uliyetuambia tusijiandikishe?"

"Hiyo zamani! Mimi nilijiandikisha mwaka juzi, kwa ajili ya goti langu. Sikuwaambia?"

Kuna watu Mungu amewanyima haya akawapa afya. Glenys alizichukua zabibu, akampa Encarna, na Encarna akampa mtu wa kufagia.

Siku iliyofuata alipiga moyo konde akaenda ofisini kwa Amparo, akasema. Alisema yote, gari, mlimao, anwani ya Rhian, begi la vidonge, huku akiukunja na kuukunjua mkanda wa mkoba. Aliogopa faini, aliogopa polisi, aliogopa zaidi kuonekana mwongo na mwanamke yule mwenye miwani kichwani.

Amparo alipapasa mifuko akiitafuta miwani. "Miaka mingapi?"

"Mtoto wa jirani alizaliwa tumeshahamia. Sasa anaota ndevu."

"Mama yangu wee. Na mngejiandikisha tu, nchi yenu ingewalipia. Wazee wote wanafanya hivyo. Barua moja tu! Mngetibiwa kama mimi navyotibiwa."

"Hatukujua."

"Hamkuuliza," Amparo alisema, kisha akajuta, akamshika mkono. "Sikiliza. Kuna kitanda milimani kinafunguka Jumatatu. Karatasi za manispaa hazitawahi, lakini mimi na daktari tunaweza kuthibitisha kwamba ni mkazi na karatasi ziko njiani. Ila faili ni lake, pensheni ni yake, na akili yake ni timamu. Lazima aseme mwenyewe mbele yetu. Na wewe usimtilie maneno mdomoni, ukimtilia haihesabiki."

"Jamani, mtu hasemi! Akitikisa kichwa?"

"Anatikisa kwa kila kitu. Jana daktari kamuuliza kama yeye ni Papa wa Roma, katikisa. Neno moja tu, mama. Akiulizwa anaishi wapi, aseme 'hapa'. Mimi sitaki zaidi."

Basi wakarudi jikoni, kama miaka ile, ila safari hii jiko lilinuka dawa. Glenys alikaa uso kwa uso na mumewe, akamwekea kiganja chini ya kidevu. Hapa. Tazama mdomo wangu, mzee wangu. Hapa. Idris alijitahidi mpaka shingo ikamvimba mishipa. Ilitoka pumzi, ilitoka mate, ilitoka sauti ya ng'ombe aliyekwama, naye akaipiga shuka ngumi kwa mkono mzima kwa hasira. Encarna akasimama upande wa pili kufundisha naye, kwa sauti kubwa, kana kwamba aliyepotea ni masikio. Mumewe mwenye nyonga akawa anaitikia "hapa, hapa" kutoka kitandani kwake, wala hakuna aliyemwomba.

Jumapili, Glenys akimnyoa ndevu, povu limejaa shavuni, Idris alivuta pumzi akasema, "Ha." Wembe ukasimama. Idris akafumba macho. "Pa."

Encarna alikirukia kitanda akambusu upara, akapata povu puani. Glenys alilia, akacheka, akalia tena, na kwa mara ya kwanza tangu ngazi ianguke alikula sahani nzima. Usiku ule alilala kwenye kile kiti usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Jumatatu asubuhi alimvalisha shati la buluu la kanisani. Amparo aliingia na faili, na Daktari Soler nyuma yake, koti jeupe, kalamu mfukoni. Encarna alipunguza redio ya mumewe, akafanya ishara ya msalaba. Amparo alimkumbusha Glenys kwa jicho: usitie neno.

Aliyeuliza ni daktari, na aliuliza kwa lugha yake, maana hakuwa na nyingine. Alisimama wima, faili mkononi, kalamu tayari.

"Bwana Probert. Mnaishi wapi?"

Idris aliitazama kalamu. Akaitazama karatasi. Glenys aliuona uso wa mumewe ukiamka, upande ule mzima, ukaamka vile vile ulivyokuwa ukiamka polisi alipoinamia dirisha la gari, na roho ikampasuka kabla hata mdomo haujafunguka. Alitaka kusema. Amparo akainua kidole.

Na ikatoka. Haikukwama, haikutoa mate. Ilitoka nzima, kwa ile lafudhi iliyosifiwa na wenyeji.

"Tuko likizo."

Daktari akasahau kilichomleta, akapiga makofi. "Sentensi nzima! Amesema sentensi nzima!" Kisha akauona uso wa Amparo, akashusha mikono.

Amparo aliinama karibu na mgonjwa. "Hapana, bwana. Taratibu. Nyumbani kwako ni wapi? Nyumba yako?"

Idris alifurahi kuulizwa tena. Alijiinua kidogo kwenye mto, akasema kwa sauti kubwa zaidi, kwa ufasaha zaidi, kama mtu anayemhakikishia afisa asiwe na wasiwasi.

"Tuko likizo."

Encarna alikaa chini, blanketi likamwanguka. Amparo alisubiri, akasubiri zaidi kuliko alivyotakiwa, kisha akalifunga faili bila kuandika na kulikumbatia kifuani. "Kitanda siwezi kukizuia, mama," alisema. "Nimejaribu." Akatoka, na daktari akamfuata.

Idris hakuwaona wakitoka. Alikuwa amemgeukia mkewe, nusu ya uso ikitabasamu, nusu nyingine imelala, akingoja. Glenys alijua anachongoja. Alivuta kiti, akamfunga kifungo cha shati kilichofunguka, akamfuta mdomo kwa kitambaa.

"Vizuri sana, mzee wangu," akamwambia. "Umepatia."